Flashi Isiyopiga Hodi

Stima ikipotea hapa Kibomet, mtaa wetu wa Kitale, wengine hutukana, wengine hutafuta mshumaa. Abdihakim huweka chini chochote alichoshika, akakaa akiitazama balbu. Ukimsemesha hakujibu. Mimi nimekaa naye chumba kimoja cha kazi miaka mingi, yeye na kompyuta zake upande wa dirisha, mimi na cherehani yangu upande wa mlango, kwa hivyo nina haki ya kumsimulia. Na kama unatafuta hadithi ya kukuchekesha, nenda kwingine mapema. Mimi sibembelezi mtu.

Jina langu ni Rispah, nashona sare za shule. Abdihakim ni kijana wa papa hapa Kitale, alizaliwa nyuma ya msikiti wa mjini, babake akiuza mashuka na mapazia. Ana adabu mpaka inakera. Chumba hiki tunakodi sote wawili, lakini akinikuta ndani lazima apige hodi, na nisipoitika hasogei, atasimama hapo nje na mfuko wake wa nyaya hata mvua imnyeshee. Siku ya kwanza nilimwambia, wewe, unapiga hodi kwako mwenyewe? Akasema mamake alimfunza hivyo, kwamba hujui mtu uliyemwacha ndani anafanya nini. Nilimpenda kuanzia siku hiyo. Kumbuka hilo la hodi, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.

Kazi yake ni kuziandaa kompyuta mpya. Shule ikinunua, zahanati ikipewa na wafadhili, wanamwita. Mwanzoni nilimwonea huruma. Kompyuta ikitoka kwenye katoni haijui chochote, ni tupu kama sufuria ya dukani. Lazima atie mfumo, kisha atie programu moja moja, aionyeshe printa, aipe jina, airekebishie saa, aiwekee lugha. Na kila hatua ile mashine inamwuliza maswali. Unakubali? Wapi? Endelea? Anakaa mbele yake siku nzima akibonyeza, bado nyingine ziko ukutani zinangoja.

Basi akatengeneza flashi. Alikaa nayo muda mrefu, akiandika na kufuta, mpaka ile kazi yote ikaingia ndani ya kile kidude kidogo kama njugu. Unachomeka kwenye kompyuta, unawasha, unaenda kunywa chai. Inafuta kila kilichomo, inatia mfumo, inatia programu, inapanga mipangilio yote, na mwisho inaandika kwenye skrini kwa Kiswahili kizuri, maneno yake mwenyewe Abdihakim: Tayari. Asante kwa kungoja. Akatengeneza nyingi, akawa anazituma kwa vifurushi, Suam huko mpakani, Kimilili, Malakisi, watu wanachomeka wenyewe. Jina lake likavuma. Nami nilijivuna kwa ajili yake, nisiseme uongo. Wateja wangu wa sare niliwaambia, huyo mnayemwona hapo dirishani si mtu wa mchezo.

Sasa, zile flashi za kwanza zilikuwa na swali moja. Kabla ya kufuta zilisema: Kila kitu kilichomo kitafutwa. Una uhakika? Hilo swali lilimtesa Abdihakim kuliko malaria. Unajua watu wetu. Kitu cha fundi kikikuuliza swali, unaona ni mtihani, ukikosea utalipa. Basi hawakuwa wanabonyeza, walikuwa wanapiga simu. Simu kutoka Suam: fundi, inaniuliza kama nina uhakika, nijibu nini? Simu kutoka Chwele: fundi, samahani, imeuliza tena. Kuna mwalimu mkuu alikaa mbele ya swali hilo tangu asubuhi mpaka wanafunzi wakaenda nyumbani, akingoja Abdihakim atoke msikitini amjibie.

Siku moja akachoka. Nilimwona akifungua ile flashi mama, ile anayonakilia zingine, akalitoa swali. Nikamwuliza anafanya nini, akanieleza. Nikamwambia, kijana wangu, kuuliza si ujinga. Hata wewe mwenyewe huingii hapa bila hodi, na sasa unaunda kitu cha kuingia kwa watu na kuwatupia vyombo nje bila hata kusema wenyewe mpo?

Akacheka kwa upole. Akasema, "Mama, tangu nianze kazi hii, hakuna aliyewahi kujibu hapana."

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikiwa nimenuna, na simu zikaacha kulia, na chumba kikawa na utulivu ambao sikuupenda.

Mwaka jana zahanati moja ya watu binafsi huko Malakisi ilipata kompyuta mpya. Hiyo zahanati naijua, iko karibu na kwetu, ndiko mjukuu wangu Naliaka amekuwa akitibiwa tangu akiwa mchanga. Mamake yuko Saudia kazini, mimi ndiye namlea. Mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaochoma mifupa. Ukimwona akicheza huwezi kujua, halafu usiku mmoja anaanza kulia na hujui ushike wapi. Alipokuwa mdogo alidungwa sindano fulani pale Malakisi, uso ukavimba, koo likaziba, akawa wa buluu mikononi mwangu. Daktari Kizito ndiye alimrudisha. Aliniambia jina la ile dawa na kunionya mtoto asidungwe tena maisha yake yote. Jina refu la kizungu. Lilifika nami getini likanitoka. Lakini sikuwa na wasiwasi, Daktari aliliandika kwenye faili. Sasa Daktari Kizito ni marehemu. Na kompyuta zilipofika, mafaili yote yaliingizwa humo, makaratasi yakachomwa moto nyuma ya choo kwa sababu mchwa walikuwa wameshaanza kuyala. Kadi ya Naliaka ikaandikwa upya. Haina maneno, ina namba tu. Unaipeleka namba mapokezi, kompyuta inafungua, habari za mtoto zote ziko hapo. Nilisema, hayo ndiyo maendeleo.

Aliyeziandaa hizo kompyuta ni nani? Ni huyu wangu wa dirishani. Alikwenda mwenyewe, akachomeka flashi kila mashine, na ya mapokezi, ile ya kuweka habari za wagonjwa, akaipanga kwa uangalifu zaidi. Aliiunganisha na kisanduku cha betri ili stima ikikatika kidogo isizime. Akawaambia wasiizime kamwe. Na kwa vile anajua watu wanaogopa kubonyeza, akaipanga ijiwashe yenyewe stima ikirudi. Akawasisitiza pia wanunue diski ya pembeni ya kuweka nakala. Wakasema watanunua.

Mwaka huu, msimu wa mvua, Naliaka alishikwa vibaya akiwa amekwenda kwa dada yangu Bungoma. Nikaenda, tukampeleka hospitali hapo mjini. Paja lilikuwa limevimba, linawaka moto. Daktari aliyempokea ni msichana, Daktari Jepkorir, mtu wa kusema polepole na kukuangalia machoni. Alinieleza kwamba mfupa umeingiwa na maambukizi, na dawa za nguvu za kuyaua ziko mbili, zote za sindano. Nilipomweleza yaliyotokea Malakisi, alisema anahofia moja kati ya hizo ndiyo ilitaka kumwua, na hajui ni ipi.

"Mama, nitafutie hilo jina," akaniambia. "Naweza kungoja mpaka jioni. Zaidi ya hapo mfupa hautaningoja."

Nikapiga simu zahanati. Mteja hapatikani. Nikampigia Wakoli, karani wa mapokezi. Mteja. Nikampigia nesi Pauline. Mteja. Jirani wa kitanda chetu, mama wa Sirisia, akasema nisijisumbue, upepo uliangusha nguzo tangu jana, Malakisi yote iko gizani, simu za watu zimekufa na hata mtandao umelala. Basi nikampigia Abdihakim, kwamba wewe fundi wao, huwezi kuifikia ile kompyuta ukiwa huko Kitale?

Akauliza kwa sauti ndogo, ile kompyuta ya mapokezi, uliiona mwezi uliopita ulipompeleka mtoto? Nikasema niliiona. Imefunikwa? Nikamwambia imefunikwa kitambaa cha kufuma cha maua, kizuri, Wakoli alikileta kutoka kwa mkewe, na nyuma kinaning'inia mpaka mezani. Akaniambia nimngojee getini, twende wote Malakisi.

Alikuja na Probox ya nduguye Naim, akiendesha mwenyewe, uso umesawijika. Tulipokuwa tumeshatoka mjini ndipo akasema. Flashi yake moja ilikuwa imepotea tangu mwaka jana, na aliitafuta kila mahali isipokuwa Malakisi, kwa sababu Malakisi alikuwa na hakika amezichomoa zote. Lakini siku ile mvua ilianza, dereva akawa anapiga honi, na ile mashine ya mapokezi alikuwa ameichomekea nyuma. Kama iko pale, imekaa pale muda wote huo bila kudhuru kwa sababu kompyuta haijawahi kuzimika. Sasa betri imekwisha. Imezima. Stima ikirudi itajiwasha yenyewe, kama alivyoipanga, na kitu cha kwanza itakachotafuta ni flashi.

"Na haitauliza," nikasema.

Akasema haitauliza.

Nilitaka kumpiga, nisikufiche, mkono ulikuwa tayari, ila ndiye aliyeshika usukani. Nikamwambia basi aendeshe. Nikaanza kumwomba Mungu kitu ambacho hakuna mkaaji wa Bungoma amewahi kuomba, kwamba watu wa stima wachelewe. Walewale tunaowalaani kila wiki. Nikawaombea usingizi, nikawaombea gari lao likwame matopeni. Njiani tukakuta lori lao limeegeshwa chini ya nguzo mpya, watu wako juu na mikanda viunoni, wanafunga nyaya. Abdihakim aliwatazama, akakanyaga mafuta.

Tulifika Malakisi bado hakuna stima. Soko limejaa, kinyozi amekaa nje mikono mitupu, posho mill ya kusaga mahindi imenyamaza. Nikasema Mungu yupo. Zahanati ilikuwa imefungwa kufuli, Wakoli ameenda matangani na ufunguo, nesi Pauline naye yuko hukohuko. Aliyekuwepo ni mlinzi, mzee Wangila, mtu mpya, hanijui simjui. Tulichungulia dirishani kupitia vyuma. Nikaiona kompyuta, nyeusi, kitambaa chake cha maua kimetulia. Abdihakim akasogea mpaka ukutani kabisa, akaangalia kwa ubavu. Akaiona flashi. Ilikuwa nyuma, chini ya kitambaa, imefutwa vumbi vizuri. Wakoli alikuwa anaipangusa kila asubuhi. Alijua ni ya fundi, na kitu cha fundi hakiguswi, hapa kwetu hata mtoto anajua. Mwashi akisahau mwiko wake kwako, unautundika ukutani mpaka arudi.

Mzee Wangila alituma mtu wa bodaboda akamlete Wakoli. Kisha akaanza kutuhoji, na alikuwa na haki yake. Sisi ni nani. Nani alitutuma. Kwa nini leo, stima ikiwa imepotea. Nikamsemesha kwa lugha yetu, nikamweleza habari za mtoto, akasikitika kweli, lakini akasema mlango ukivunjwa yeye ndiye anaenda ndani, jela. Abdihakim akauliza mita iko wapi ili azime stima ya jengo. Mita ilikuwa ndani ya chumba kilekile. Watu wakaanza kukusanyika, wakimtazama Abdihakim, mgeni, kijana asiye wa kabila lao, anayezunguka dirisha la zahanati iliyofungwa.

Nikamwambia, vunja kufuli.

Akanitazama. "Mama, mimi nikivunja mlango huu hapa sokoni, sitaulizwa swali hata moja."

Nilimwelewa. Tumeona sote jinsi mtu anavyoitwa mwizi na kinachofuata. Basi nikaliokota mwenyewe lile jiwe linalozuia lango. Mzee Wangila alinishika mkono, si kwa nguvu, akaniuliza, "Mama, una uhakika?" Nikamwambia nina uhakika kuliko siku niliyoolewa. Akaniachia. Alisogea kando, akageuka akaangalia barabarani. Mungu ambariki mzee huyo.

Nikapiga mara ya kwanza, kufuli likacheza. Nikapiga tena. Na hapo nikasikia soko zima likishangilia. Unajua ile kelele, stima ikirudi, yeee, kutoka kila kibanda, watoto, wanawake, kinyozi, posho mill ikaanza kuunguruma. Balbu ya mlangoni ikawaka juu ya kichwa changu. Nikapiga kama mwendawazimu. Kufuli likaachia, Abdihakim akanipita mbio, akajikwaa kitini, akakirusha kile kitambaa na kuing'oa flashi.

Skrini ilikuwa imewaka. Maneno yalikuwa meupe, makubwa, ya adabu kama yeye mwenyewe: Karibu. Kompyuta yako inatayarishwa. Huhitaji kufanya chochote.

Nikamwuliza, si umeitoa? Si umewahi?

"Inaanza kwa kufuta, Mama," akasema. Akakaa chini sakafuni, flashi ikiwa mkononi, akalia mbele ya watu wote. Alipoweza kusimama alijaribu. Alipiga simu kwa mafundi wenzake mpaka Eldoret, akaifungua ile mashine, akaipeleka kwa mtu anayesifika kwa kufufua vilivyofutwa. Flashi yake alikuwa ameiunda vizuri mno. Haikuacha kitu, na ile diski ya nakala hawakuwahi kuinunua.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku hiyo, mtandao uliporudi na stima, simu yangu ndiyo ililia kwanza. Daktari Jepkorir. Jua lilikuwa linateremka. Aliniuliza kama nimelipata jina, nikasema halipo. Akaniuliza, mama, jaribu kukumbuka, hata herufi ya kwanza. Nikafumba macho nikamwona Daktari Kizito, nikaiona midomo yake inasema, na sauti haikuja. Nilichokumbuka ni kwamba kile kichupa kilikuwa na kifuniko cha buluu. Daktari akasema vyote viwili vina kifuniko cha buluu.

Hakuthubutu kumdunga hata moja. Simlaumu. Alimpa za vidonge, zile za upole, akakesha naye mwenyewe zaidi ya usiku mmoja. Naliaka alitoka hospitalini akiwa hai, Mungu ashukuriwe. Lakini mfupa ulikuwa umeshaliwa. Mguu wa kushoto haukunjiki wala haukui, anatembea kwa gongo, na atatembea kwa gongo nikiwa nimeshakufa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Waongo. Asiyesikia alibaki na yake mawili, lililovunjika ni la mtoto aliyekuwa amelala zake Bungoma.

Nilikaa siku nyingi bila kusema na Abdihakim, tukiwa chumba kimoja, mgongo kwa mgongo. Asubuhi alipiga hodi, sikuitika, akasimama nje mpaka nikaona aibu. Sikumsamehe siku moja. Nimekuwa nikimsamehe kidogo kidogo, na siku zingine, Naliaka akipanda ngazi za kanisani, ninaurudisha nyuma msamaha wote.

Flashi zake za sasa zinauliza, na kuuliza tena. Simu zimerudi kulia kutwa, fundi, inasema una uhakika, nijibu nini, na yeye hajibu haraka. Huwauliza kwanza ni nini kilichomo ndani. Huliuliza hilo kila mara, hata kwa mwenye kompyuta mpya ambayo haina kitu. Lakini zile za zamani, zisizopiga hodi, mafundi wengine walikuwa wameshazinakili, na waliozinakili nao wakanakiliwa. Abdihakim amezunguka, amekwenda mpaka Suam akiwasihi wazitupe. Wanamcheka. Ati turudishe swali? Si hii ndiyo nzuri, bana. Zimechomekwa nyuma ya mashine ngapi, katika ofisi zipi, zimefunikwa vitambaa vya maua na kupanguswa vumbi kila asubuhi, hajui. Nami sijui.

Jana stima ilipotea tena, tangu mchana. Abdihakim akaweka chini bisibisi yake, akaitazama balbu. Naliaka alikuwa ametoka shule, amekaa miguuni pangu akichagua vifungo. Balbu ilipowaka, Kibomet yote ikapiga yeee, na Naliaka naye akashangilia, mtoto ni mtoto, akiligonga gongo lake sakafuni. Akatugeukia akaniuliza mimi bibi yake, "Kukhu, mbona nyinyi hamfurahi?"

Abdihakim alikuwa ameitoa simu mfukoni. Aliiweka mezani mbele yake, akakaa akingoja ilie.